Rubani akizirai: kuzima ndege ndogo, kukwepa propela na kumwokoa mgonjwa

Kwenye uwanja wa ndege ndogo kama Wilson wa Nairobi, hatari mbili zinaweza kukutana ndani ya dakika moja: rubani aliyepoteza fahamu ghafla, na propela ambayo bado inazunguka. Watu humkimbilia rubani, na njia fupi ya kumfikia mara nyingi hupita mbele ya ndege. Ndiyo maana tunaanza na injini kabla ya mgonjwa. Kuzima injini ni kazi ya sekunde chache kwa anayejua cha kuvuta. Asiyejua ataishia na ndege isiyo na mwendeshaji, na pengine majeruhi wa pili.

Mwongozo huu ni wa abiria anayekaa kiti cha mbele kulia, wa mwanafunzi anayeruka na mwalimu wake, na wa wanaofanya kazi maegeshoni: mafundi, wajaza mafuta, wapakia mizigo na walinzi wa hanga.

Propela, na kwa nini macho hayatoshi

Propela ya Cessna 172 ina mapanga mawili, na kutoka ncha hadi ncha ni karibu mita 1.9. Injini ikinguruma polepole kabisa, kama mizunguko 700 kwa dakika, ncha hizo zinakwenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Jicho linaona ukungu mwepesi tu, na jua la asubuhi likiwa usoni halioni hata huo. Masikio nayo hayasaidii: Wilson daima kuna injini nyingine inayonguruma karibu, na aliyevaa vizibo vya masikio hatofautishi ipi ni ipi.

Kanuni ya mwendo ni moja. Ndege ndogo hufikiwa kutoka nyuma ya bawa na kuachwa kwa kuelekea mkiani. Kwa Cessna yenye bawa la juu, nguzo ya bawa ndiyo mpaka wako: pita nyuma yake, usiizunguke kwa mbele. Kwa Piper yenye bawa la chini, shuka kwa kurudi nyuma juu ya bawa, kisha uendelee kurudi nyuma. Kwa Caravan, abiria hushukia mlango wa nyuma kulia, na aliyekuja kuwapokea asimame mbele ya mlango huo kama ukuta, uso wake ukiwatazama wao. Mtoto hushikwa mkono kabla mguu wake haujagusa lami. Kofia ikipeperushwa kwenda mbele, iache iende.

Usiweke choki, yaani kabari ya kuzuia gurudumu, kwenye gurudumu la pua huku injini inazunguka. Ikihitajika kuzuia ndege, iweke kwenye magurudumu makuu, ukiingia kutoka nyuma.

Injini iliyozimwa nayo si ya kuaminiwa. Magneto, kifaa kinachotoa cheche za injini, hutengeneza umeme wake yenyewe bila betri. Ufunguo ukiwa kwenye OFF, kinachozuia cheche ni waya mdogo unaounganisha magneto na bodi ya ndege. Waya huo ukikatika, ufunguo utasema injini imezimwa huku magneto iko tayari kutoa cheche. Yakibaki mafuta kidogo kwenye silinda, kuisukuma propela kwa mkono nusu mzunguko kunatosha kuifanya izunguke ghafla. Kwa hiyo usiegemee propela, usiitumie kusukuma ndege kuingia hanga, na usipige picha umeikumbatia. Rubani anaweza kuupima waya huo kabla ya kuzima: injini ikiwa mwendo wa chini kabisa, anageuza ufunguo hadi OFF kwa kufumba na kufumbua na kuurudisha. Injini lazima ionyeshe dalili ya kufa. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, ndege hiyo ni ya fundi, na kila anayeipita aambiwe.

Kishikio chekundu

Kwenye ndege nyingi za injini ya pistoni, kinachozima injini si ufunguo bali kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, ambacho marubani hukiita miksicha. Ukikivuta hadi mwisho unakata mafuta, na injini inakufa baada ya sekunde chache kwa kukosa chakula. Ufunguo hukata cheche lakini huacha mafuta ndani ya silinda, na tumeshaona kwa nini hilo ni baya.

Cessna 172. Katikati ya dashibodi, upande wa chini, kuna vishikio viwili vya kusukuma na kuvuta. Cheusi ni throto, yaani nguvu ya injini. Chekundu, kulia kwake, ni miksicha. Kina kitufe katikati: bonyeza kwa kidole gumba na uvute kwa vidole vingine hadi mwisho. Wengi huvuta bila kubonyeza, kinagoma, wanadhani kimeharibika. Swichi kuu ya umeme na ufunguo viko kushoto kabisa, ng'ambo ya rubani aliyeanguka, hivyo kutoka kiti cha kulia usivihangaikie kwanza.

Piper PA-28. Throto na miksicha ni vijiti viwili vya kurudisha nyuma katikati ya dashibodi. Chini yake kuna kijiti cha breki ya mkono, na kukijua ni muhimu kwa sababu baadhi ya ndege hizi hazina breki za miguu upande wa kulia. Swichi ya kuchagua tanki la mafuta iko ukutani kushoto, karibu na goti la rubani. Huwezi kuifikia, achana nayo.

Caravan. Hii ni ya injini ya tabo (tabaini) na haina magneto. Kati ya vijiti vilivyo katikati, cha mwisho kulia ndicho hukata mafuta: kinarudishwa nyuma hadi mwisho, kupita kizuizi chake. Propela ya Caravan huendelea kuzunguka kwa muda baada ya injini kufa, kwa hiyo kimya cha injini si ruhusa ya kupita mbele.

Jambo la kukariri: chini, kishikio cha kukata mafuta ndicho cha kwanza kuvutwa. Angani hakiguswi hata kidogo hadi magurudumu yawe yametulia ardhini.

Akizirai ndege ikiwa chini, nawe uko ndani

1. Vuta throto nyuma kabisa.

2. Vuta chekundu. Hata kama ndege inatembea, vuta.

3. Inua visigino kutoka sakafuni na ukanyage sehemu ya juu ya pedali zote mbili kwa nguvu sawa. Hizo ndizo breki. Ukikanyaga sehemu ya chini unageuza gurudumu la pua. Hapa wenye kuendesha gari hukosea wote kwa namna moja: wanashika usukani na kuuzungusha ili kukwepa kitu. Ardhini usukani wa ndege haugeuzi magurudumu. Kuelekeza ndege ni kazi ya miguu peke yake.

4. Mguu wa rubani ukiwa umekakamaa juu ya pedali, kama inavyotokea mtu akipatwa na kifafa, ndege itazunguka upande mmoja. Usishindane na mguu huo. Ukishavuta throto na chekundu, ndege itazunguka kidogo na kusimama.

5. Propela ikisimama, geuza ufunguo hadi OFF na uzime swichi kuu. Kabla ya kuzima umeme, bonyeza kitufe cha kuongea kwenye usukani na uuambie mnara wa kuongoza ndege: rubani amezirai, ndege iko mahali fulani, injini imezimwa. Ukishindwa kukumbuka hili, wapungie watu mkono. Ndege iliyosimama ovyo kwenye njia ya Wilson haikosi kuonekana kutoka mnarani.

Wewe uko nje

Ndege ikitembea bila mwongozo, usiikimbilie wala kushika bawa. Ukivuta bawa moja, pua inageukia upande wako na propela inakuja nayo. Kazi yako ni kuondoa watu kwenye njia yake na kupiga kelele mnara uarifiwe. Itasimama kwenye nyasi, kwenye uzio au kwenye ndege nyingine. Mabati hutengenezwa.

Ikiwa imesimama huku injini inazunguka, mtu mmoja tu ndiye aende. Aje kutoka nyuma, apite nyuma ya nguzo ya bawa, afungue mlango akiwa ameelekeza mwili wake mkiani, aingize mkono na kuvuta chekundu. Kwenye mlango wa kushoto wa Cessna 172 ufunguo uko karibu zaidi na mkono wake, na kuuzima kwanza si kosa, mradi chekundu kifuate. Mtu wa pili asimame mita kadhaa nyuma ya mkia akiwazuia wanaokimbia, kwa sababu watakuja.

Harufu kali ya petroli, au mafuta ya samawati yanayotiririka kutoka bawani, ni avgas. Hushika moto kwa urahisi kuliko mafuta ya tabo. Usipige simu hapo chini ya bawa, usiruhusu gari lisogee, na chukua kizimamoto kabla ya kuanza kumtoa mgonjwa. Ndege za Cirrus zina jambo la ziada: parashuti inayorushwa kwa roketi iliyo nyuma ya kabati la abiria. Kishikio chekundu cha kuivuta kiko darini, nacho si miksicha. Usikiguse, na usisimame wala kulaza mtu nyuma ya dirisha la nyuma.

Kumtoa na kumhudumia

Mlango ndio huamua. Cessna 172 ina mlango kila upande, hivyo rubani hutolewa kushoto. PA-28 ina mlango mmoja tu wa mbele, kulia, juu ya bawa. Aliyekaa kulia lazima atoke kwanza, kisha mgonjwa apitishwe juu ya kiti hicho. Msipoelewana kuhusu hili mtavutana dakika nzima mlangoni.

Toa hedseti kichwani na waya zake shingoni. Sogeza kiti chake nyuma kwa kijiti kilicho chini ya kiti, ondoa miguu kwenye pedali, na mkanda ufunguliwe mwisho, mkiwa mmeshamshika. Mtu mmoja ampitishie mikono kwapani kutoka nyuma, mwingine ashike magoti. Ndege ikiwa imegonga kitu, shuku shingo na mshike kichwa kisiyumbe. Lakini asiyepumua hutolewa upesi, shingo au si shingo.

Mlazeni chali mahali pagumu, kama mita 30 kutoka ndege, upande upepo unakotoka. Haitikii wala hapumui kawaida? Anza kusukuma kifua: katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, misukumo 30 kisha pumzi 2. Mikoromo ya hapa na pale si kupumua. Badilishaneni kila dakika 2, maana mikono huchoka kabla mwenyewe hajajua. Kifaa cha kushtua moyo kikiwa jirani kiletwe na kiwashwe mara moja, nacho kitatoa maagizo yenyewe. Anapumua lakini hana fahamu? Mlaze ubavu. Usimpe maji wala soda, hata akidhaniwa ameishiwa sukari.

Mnara ndio wa kwanza kuitwa kwa sababu huamsha kikosi cha zimamoto cha uwanjani. Nje ya uwanja piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Taja lango mtakalopokelea gari, kwa kuwa "niko Wilson" hakumsaidii dereva aliyekwama Barabara ya Lang'ata.

Akizirai angani

Abiria wasio marubani wamewahi kutua salama. Oktoba 2013 abiria alitua na ndege ndogo uwanja wa Humberside, Uingereza, baada ya kuzunguka uwanja mara kadhaa akielekezwa kwa redio. Tarehe 10 Mei 2022 mwingine alitua na Caravan huko Palm Beach, Florida, huku mwongoza ndege aliyekuwa pia mwalimu wa urubani akimwelekeza kwa kutazama picha ya dashibodi ya ndege hiyo. Wote wawili waliishika ndege kwanza na kuzungumza baadaye.

Shika ndege. Anayezirai huangukia usukani na pua inashuka. Vuta usukani taratibu, linganisha mabawa na upeo wa macho, pua iwe chini kidogo ya upeo huo. Ikiwa ndege ina otopailoti, yaani mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, nayo inafanya kazi, iache. Ikiwa imezimwa, tafuta kitufe kilichoandikwa AP.

Mwondoe kwenye vidhibiti. Aliye kiti cha nyuma amvute mabega, na mkanda wa bega ukazwe. Kiti kisukumwe nyuma, na mikono yake ipitishwe chini ya mkanda wa kiuno isirudi mbele. Angani humsukumi kifua mtu. Kutua mapema ndiyo huduma yenyewe.

Zungumza. Bonyeza kitufe cha usukani, sema "Mayday" mara tatu, kisha kwamba rubani amezirai na wewe si rubani, taja ndege na mnapoelekea. Kiswahili kitaeleweka katika anga ya Nairobi. Kisha achia kitufe. Anayeendelea kukibonyeza hasikii jibu na anaziba masafa kwa kila mtu. Usibadilishe masafa yaliyopo isipokuwa hakuna anayejibu. Hapo weka 121.5, masafa ya dharura, na transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, uipe 7700, namba ya dharura.

Elekea palipo wazi. Magharibi ya Wilson kuna vilima vya Ngong, vinavyofika mita 2,460, na asubuhi za Julai mawingu huvikalia. Kusini ni tambarare ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ukiwa huoni vizuri, kaa upande wa mbuga. Usilazimishe Wilson, ambayo njia zake za kurukia ni za takriban kilomita 1.5. Njia ya kurukia ya uwanja wa Jomo Kenyatta ina urefu unaozidi kilomita 4, na hiyo inasamehe makosa mengi. Wilson iko futi 5,546 juu ya bahari. Hewa ikifika nyuzi 25, ndege hujiona kama iko karibu futi 8,000: kwa mwendo uleule kwenye kipimo, ardhi inapita kwa kasi zaidi na kusimama kunahitaji nafasi zaidi.

Kasi kwa Cessna 172 ni noti 70 hadi 75 mkishuka, flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) zikiachwa zilivyo. Noti 1 ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Ikishuka chini ya 60, shusha pua kwanza, ongeza throto baadaye. Ukijikuta unavuta usukani muda wote, zungusha gurudumu la trimu, linalopunguza uzito wa usukani, kuelekea chini, kidogo kidogo. Karibu na lami, rudisha throto yote, shikilia ndege sambamba na njia, kisha inua pua kidogo tu na uiache ikae yenyewe. Wanaoumia zaidi ni wale wanaoisukuma ndege ardhini kwa nguvu: gurudumu la pua hugonga kwanza, na ndege hudunda. Baada ya hapo rudi kule juu: chekundu, miguu, breki.

Dalili kabla hajaanguka

Kuzirai kwa wazi kila mtu anakuona. Kibaya zaidi ni kule kwa polepole, ambapo rubani amekaa wima, macho wazi, lakini hayupo. Haitikii mnara, anaacha orodha ya ukaguzi katikati, anaona mwendo unapungua asifanye kitu. Mwanafunzi Mkenya hupata taabu hapa: amefundishwa kutomkatiza mwalimu. Tumia kanuni ya mara mbili. Mwulize jambo lenye jibu, "Mwalimu, kasi yetu?" Asipojibu inavyofaa, rudia kwa sauti. Asipojibu mara ya pili, ndege ni yako. Sema hivyo kwa sauti na ushike. Akizinduka atakuelewa, na asipokuelewa, mlalamike mkiwa chini.

Sababu ya kawaida kwa marubani ni tumbo, ndiyo maana kwenye ndege za marubani wawili hushauriwa wasile chakula kimoja. Moyo na kiharusi huogopwa zaidi ingawa si vya kila siku. Homa ya malaria, dawa za mafua zinazoleta usingizi kama Piriton, na njaa ya tangu jana huingia pia. Ndege wakubwa kama korongo wa Nairobi wanaweza kuvunja kioo cha mbele na kumwumiza rubani kabla hujajua kimetokea nini.

Moja husahaulika: gesi ya moshi, kaboni monoksidi. Joto la kabati kwenye ndege nyingi za pistoni hutoka kwenye koti linalozunguka bomba la moshi. Bomba likipasuka, asubuhi ya baridi ya Julai unawasha joto na kuingiza gesi isiyo na harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na abiria wote wanasinzia pamoja na rubani. Zima joto, fungua matundu ya hewa na madirisha, tua. Kadi ya kutambua gesi hiyo ina tarehe ya mwisho, na nyingi zilizobandikwa kwenye dashibodi zimepita tarehe hiyo zamani. Kifaa cha betri kinacholia ni bora.

Dakika tatu kabla ya kuwasha

Rubani amwonyeshe aliye kiti cha kulia mambo matano, na abiria ayaguse kwa mkono wake, si kutazama tu: mlango unavyofunguka, mkanda unavyofunguka, chekundu, kitufe cha redio, breki za miguu. Wengine hawafanyi kwa kuogopa kumtisha mgeni. Mgeni hutishika zaidi asipojua kitu.

Baada ya ajali, Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege huarifiwa, na mabaki hayasogezwi ila kwa kuokoa maisha au kuzuia moto. Aliyevuta kishikio, aliyegeuza ufunguo, aliyesogeza kiti, kila mmoja aandike alichogusa na kilikuwaje kabla hajakigusa. Piga picha ya dashibodi kabla mtu mwingine hajaingia.